Nina kisukari na presha, nusura nizimie mazoezini: je, niache?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 49, fundi cherehani Dar es Salaam. Nina kisukari aina ya pili mwaka wa nne sasa, na presha. Natumia metfomini na glibenklamidi za sukari, na amlodipini ya presha. Kutwa nimekaa kwenye mashine, jioni nainuka nimejikunja kwa maumivu ya kiuno. Kliniki waliniambia nifanye mazoezi, basi, hawakusema yapi. Jumamosi moja nikajiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani, alfajiri, nimeshameza dawa lakini sijatia kitu tumboni. Hatujafika mbali nikaanza kutoka jasho la baridi, mikono ikatetemeka, macho yakaingia ukungu, nikakaa chini barabarani. Nilipopewa soda nikapata nafuu. Tangu siku hiyo naogopa. Je, mwili wangu hauwezi mazoezi? Na kiuno hiki, si bora nikipumzishe kwanza?

JIBU: Pole sana, mama. Kwa dalili hizo, na jinsi soda ilivyokurudisha, karibu hakika sukari yako ilishuka. Mazoezi unayaweza. Kilichokuangusha ni dawa na mbio kukutana wakati tumboni hamna kitu.

Msuli ukifanya kazi hufungua milango yake wenyewe na kuvuta sukari kutoka kwenye damu, hausubiri insulini, kichocheo cha mwili kinachoishusha sukari ya damu, iubishie hodi. Kwa mwenye kisukari aina ya pili hii ni neema, kwa sababu shida yake kubwa ni kwamba milango hiyo imekuwa mizito kwa insulini. Hata ukishapumzika, msuli unaendelea kupokea sukari kwa wepesi kwa saa 24, pengine hadi 48. Ndiyo maana tunasisitiza usipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi. Jogingi ya Jumamosi peke yake haifiki Jumatano.

Sasa upande wa dawa. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Glibenklamidi ni habari nyingine: hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ulipokimbia, misuli ikawa inavuta sukari na dawa nayo inaishusha. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako. Rudi kliniki, waeleze tukio hilo neno kwa neno kama ulivyoniandikia, wao wataamua kama dozi au dawa ibadilishwe. Hili lifanye wiki hii, kabla ya zoezi lolote zito.

Kabla ya kuanza zoezi, pima sukari. Ukikuta chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kwanza ndizi mbivu au kipande cha mhogo wa kuchemsha. Ikiwa chini ya 4, au umeona dalili zile hata kama huna kipimo karibu, simama hapo hapo: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 pima tena, rudia ikibidi, kisha kula chakula. Nawe usitoke bila sukari mfukoni. Ukikuta imepanda kupita 14 na unajisikia vibaya, una kiu kali au unatapika, siku hiyo ni ya kwenda hospitali. Presha ikiwa namba ya juu imefika 180 au ya chini 110, au zaidi, zoezi lisubiri.

Jogingi iache kwanza. Kwako nataka tuanzie pale pale kazini, na nina sababu. Miaka ya 1950 daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa, dereva alikaa. Matokeo yaliyotoka mwaka 1953 yalionyesha makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Kuna kipande ambacho fundi kama wewe utakielewa haraka: Morris alikwenda kuangalia hata vipimo vya viuno vya suruali za sare, ajue kama tofauti ni unene tu. Kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini mwembamba kwa mwembamba, mnene kwa mnene, kondakta bado alikuwa salama zaidi. Kwa hiyo mama, usisubiri upungue kilo ndipo uone faida.

Kila nusu saa, inuka. Kitambaa kata ukiwa umesimama. Pasi usiiweke unapoifikia kwa kunyoosha mkono. Ipeleke meza ya mbali. Ukishakula mchana, tembea dakika 10 hadi 15 kabla ya kurudi kwenye kiti, kwa sababu hapo ndipo sukari inapopanda. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ongeza taratibu mpaka ufikie dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa watu wazima, wenye kisukari na presha wakiwemo. Si lazima uzimalize kwa mkupuo, hata vipande vifupi vinahesabika.

Siku mbili kwa wiki ongeza nguvu za misuli. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika popote, mara kumi. Kisha sukuma ukuta. Kisha shika meza, nyanyua visigino. Hesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko kunakoirusha presha. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakatika kuliko kawaida, acha na utafute daktari.

Kiuno usikilaze kitandani. Maumivu ya namna yako hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kujongea. Tazama na kiti chako: kikiwa kifupi unapinda mgongo kuifuata sindano, basi kiinue mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na usogee karibu na mashine. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikutoka bila kujua, mguu ukiregea, au maumivu yakija na homa au kukonda, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na miguu yako, mama. Kisukari hufisha hisia za nyayo polepole, na sakafu ya fundi haikosi pini. Niliwahi kumvua mgonjwa kiatu nikaikuta pini imezama kwenye unyayo, mwenyewe hana habari. Ndala ziache nyumbani. Vaa raba iliyofunika vidole, ikung'ute kila kabla ya kuivaa, na kila jioni weka kioo kidogo sakafuni uangalie unyayo mmoja baada ya mwingine. Ukiona kidonda, hata kidogo, usitembee nacho. Kipeleke kliniki kesho yake asubuhi.