Pauni 4,810: kikundi chetu kilivyopata ruzuku ya kwanza Uskoti

Wiki iliyopita dada mmoja wa Aberdeen alinipigia simu. Hata salamu hazijaisha, akaniuliza, "Nyinyi wa Glasgow mnazipataje hizo pesa?" Nikaanza kumweleza, maelezo yakageuka mhadhara, na mimi nina wali jikoni. Nikamwambia nitaandika. Basi dadangu, ndiyo haya.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa kushona. Wengi ni Wakongo na Warundi, Wakenya wa pwani tuko wachache, Watanzania ni wawili, na tuna bibi mmoja wa Barawa, Somalia, ambaye Chimbalazi chake, Kiswahili cha kwao, hutulazimu tutege masikio. Wengine walikuja kwa masomo au ndoa, wengine wameletwa hapa na maombi ya hifadhi. Miaka miwili tulijiendesha kwa mchango wa pauni mbili mbili kwenye kopo la biskuti. Mwenye ukumbi alipopandisha bei, kopo likashindwa.

Fomu ya kwanza ya kuomba ruzuku niliiandika mimi, na niliiandika kama ninavyojua kuomba: kwa lugha ya harambee. Kwenye harambee unasimama, unaeleza shida mpaka wazee watikise kichwa, halafu kapu linazunguka. Nikajaza kurasa nne. Vita, kambi, baridi, upweke, watoto wanaosahau lugha. Yote kweli tupu. Ila ukisoma kurasa zile zote nne hungejua tunakutana siku gani, tuko wangapi, wala tunataka kununua nini. Tulikataliwa kwa barua ya heshima sana, ile ya Waskoti, ambayo inabidi uisome mara mbili ndipo ujue umeambiwa hapana.

Fomu ya pili ilikuwa aibu yangu binafsi, na nitaieleza kwa sababu ndani yake ndimo nilimojifunza mengi.

Neno wakfu linatusaidia hapa. Tuliokulia Mombasa tunajua: mzee akiweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti fulani, mapato yake ni ya msikiti ule, na sharti la aliyeweka halivunjwi hata kama madrasa ya jirani inavuja. Wakfu wa jamii wa huku, kama Foundation Scotland unaohudumia nchi nzima, unaendeshwa kwa namna inayokaribia hiyo. Kwa mbali unaona mfuko mmoja mkubwa. Ukisogea unakuta mifuko mingi, kila mmoja na mwenyewe: familia iliyotenga fedha zake, kampuni, au mitambo ya upepo. Na kila mwenyewe ameweka sharti lake. Huyu anataka vijana, yule wazee, mwingine hataki kitu ila kijiji chake.

Hii ya upepo iliniduwaza. Serikali ya Uskoti imekuwa ikizihimiza kampuni zenye mitambo ya upepo ya nchi kavu zitoe angalau pauni 5,000 kwa mwaka kwa kila megawati ya uwezo wa mitambo, ziende kwa jamii za karibu. Sheria haiwalazimishi, ila kwa mitambo mipya imekuwa desturi. Piga hesabu: mitambo ya megawati 20 ni pauni 100,000 kila mwaka, kwa vijiji vitatu vinne ambavyo pengine vina kondoo wengi kuliko watu. Nilipoona tarakimu kama hizo nikasema riziki imefika. Nikajaza fomu usiku kucha. Jibu likaja kwa mistari miwili: mfuko ule ni wa eneo la mabaraza matatu ya jamii huko mashambani, na ukumbi wetu uko mbali nje ya mpaka. Sikuonewa. Ilikuwa imeandikwa aya ya kwanza ya masharti, na ramani imewekwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, soma masharti mpaka ujue fedha ni za nani, na za watu wa wapi. Unayeishi kijijini Ayrshire au Highlands, ulizia mitambo iliyo karibu nawe. Una bahati ambayo sisi wa mjini hatuna. Kwenye mifuko mingi ya namna hiyo wanaoshauri au kuamua ni jopo la wakazi wa hukohuko. Maana yake fomu yako itasomwa na mtu anayeujua ukumbi unaoutaja na anayejua paa lake linavuja upande gani. Kwa msomaji kama huyo maneno makubwa hayafai kitu.

Mahali pa kutafutia: SCVO, shirika mwamvuli la mashirika ya kujitolea Uskoti, lina tovuti ya kutafuta wafadhili inayoitwa Funding Scotland, na ni bure. Tena katika kila eneo la halmashauri, kati ya 32 za nchi hii, kuna ofisi ya kuvisaidia vikundi vidogo. Glasgow ni GCVS, kwenu Aberdeen ni ACVO. Nenda ukaonane nao. Mimi nilikawia mwaka mzima nikidhani ofisi hizo ni za wazungu wenye mashirika makubwa. Siku niliyokwenda nilikunywa chai na kutoka na mfano wa katiba ya kikundi mkononi.

Katiba, ndiyo. Hapo napo tuligota. Mwenyekiti wetu wakati ule na mweka hazina walikuwa mtu na mumewe. Mume ndiye aliyekuwa anajua hesabu, na sisi hatukuona tatizo. Wafadhili wengi wa huku hawakubali. Wanataka angalau wajumbe watatu wasiohusiana kwa damu wala ndoa, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini wawili wasiohusiana. Kumwambia shemeji ajiuzulu si jambo la kuandika kwenye WhatsApp. Tulikwenda wanne nyumbani kwao, tukakaa, tukala, tukazungumza mengine yote kwanza. Alielewa. Kupata mtia saini mwingine ndiyo ikawa kazi, kwa kuwa baadhi ya wenzetu walikuwa bado wanasubiri majibu ya hifadhi, na kufungua akaunti na karatasi zile si mchezo. Anzeni na benki mapema. Kwetu ilichukua miezi mitatu, na fomu ya ruzuku inataka nakala ya taarifa ya benki.

Watu huniuliza kama ni lazima kwanza kuwa shirika la hisani lililosajiliwa. Kwa mifuko mingi midogo, hapana; kikundi chenye katiba, kamati na akaunti kinaweza kuomba, mradi kazi yenyewe ni ya hisani. Ila msijiite shirika la hisani kienyeji. Uskoti ina sheria yake ya mashirika ya hisani, ya mwaka 2005, na mdhibiti wa mashirika hayo, OSCR, aliyeko Dundee. Kama hamumo kwenye daftari lake hamruhusiwi kutumia jina hilo, hata mapato yenu yawe pauni mia kwa mwaka. Sisi tulisajiliwa baadaye, kwa ule muundo wa SCIO ulioanza 2011, unaolifanya shirika la hisani liwe na hadhi yake kisheria, na tukaupata uzito wake: kila mwaka hesabu, na mkaguzi wa nje wa kuzipitia, hata kama hesabu zote zinatosha kwenye daftari la shule. Kama hamjawa tayari kwa hilo, msikimbilie namba ya usajili.

Sasa fomu yenyewe. Fomu ya tatu ilianza hivi: "Kila Jumatano wakati wa mihula ya shule, wanawake 18 wanaoishi mtaani kwetu hukutana kwa saa tatu kushona na kujifunza Kiingereza cha dukani na cha kwa daktari. Wanane kati yao hawana nauli ya kuja." Basi. Sentensi mbili. Zile kurasa nne za vita na baridi zikabaki nyumbani, ila kuna swali la mbele linalouliza mmejuaje kwamba haja ipo, na hapo tukaeleza tuliyoyasikia kwa wenyewe. Wiki mbili kabla tulikuwa tumepitisha karatasi yenye maswali matatu, na wasiojua kuandika wakasema wakaandikiwa.

Kulikuwa na kituko. Saa tulijaziwa na binti wa mwenzetu mmoja, tukimsomea naye anaandika. Tukasema saa nne mpaka saa saba. Akaandika hivyohivyo, nne mpaka saba. Ofisa wa mfuko akapiga simu, sauti yake imejaa adabu, akiuliza kwa nini akina mama wanashona saa kumi ya alfajiri. Nilicheka mpaka nikashindwa kumjibu. Tangu siku hiyo kila fomu inasomwa na mtu wa pili, na saa zinaangaliwa kwanza.

Simu ile ilinifunza jingine: maofisa hawa wanazungumza. Namba au baruapepe yao mara nyingi iko pale pale kwenye masharti. Piga kabla hujaandika, mweleze kwa dakika tano unachotaka kufanya, muulize kama mfuko wake unafaa. Akikwambia haufai, umejiokolea majuma mawili. Sisi tumelelewa tusisumbue wakubwa, na tabia hiyo ni nzuri nyumbani, ila hapa inatugharimu.

Kwenye bajeti nitakaa kidogo, kwani ndipo vikundi vyetu vingi vinapoanguka. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika "mradi wa kushona, pauni 5,000". Mara ya tatu tukaandika hivi. Ukumbi, pauni 18 kwa saa, saa 3, wiki 30: 1,620. Mlezi wa watoto, pauni 13 kwa saa, saa 3, wiki 30: 1,170. Nauli ya wanawake 8, pauni 5 kwa wiki, wiki 30: 1,200. Cherehani 4 kwa pauni 130: 520. Vitambaa na nyuzi: 300. Jumla 4,810. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini nisipandishe ifike 5,000 ipendeze. Nikamwambia uzuri wake ni huo wa kutopendeza: anayesoma anaona tumeuliza bei dukani.

Na bado tulikosea. Tulisahau bima, ile inayolipa mtu akijikwaa kwenye waya wa cherehani, na mwenye ukumbi hakutaka kutupa ufunguo bila hiyo. Tukarudi kwenye kopo la biskuti. Kwenye mlezi wa watoto pia kuna jambo: tangu 1 Aprili 2025 sheria inamtaka anayefanya kazi ya namna hiyo awe mwanachama wa mpango wa PVG, ule wa kuwalinda watoto na watu wazima walio hatarini. Kwa wanaojitolea kwenye vikundi vinavyostahili hakuna malipo, lakini kuna kusubiri. Tena usinunue kitu kabla ya barua ya kukubaliwa. Tulikuwa na mwenzetu aliyeona cherehani za bei nafuu akazinunua mapema kwa nia njema. Mifuko mingi hailipi kilichokwisha kununuliwa, na wetu haukulipa. Moja akaiuza, moja bado iko kwake chini ya kitanda.

Barua ya kukubaliwa ilifika miezi mitatu baada ya kutuma fomu. Mpango wetu uliandikwa kana kwamba watajibu kesho, wakati jopo hukutana mara chache kwa mwaka, na huku shule hufunga mwisho wa Juni mpaka katikati ya Agosti, ukumbi nao ukafungwa. Ikabidi tusogeze kila kitu. Nilimwandikia ofisa kabla ya kusogeza, akajibu siku ya pili kwamba hakuna neno. Hilo shika: mabadiliko yoyote, omba kwanza. Risiti nilizitia kwenye bahasha, bahasha moja kwa kila mstari wa bajeti, jina la mstari limeandikwa juu kwa kalamu nene. Ripoti ya mwisho ikanichukua jioni moja tu.

Zilibaki pauni 37 kwenye bahasha ya nauli, kwa kuwa bibi wa Barawa alipata kadi ya basi ya bure ya wazee na hakutwambia mpaka Machi. Tukaomba tununulie mikasi. Wakakubali kwa mstari mmoja.