Kubadilisha diski (hard disk) ya laptopu: vijana mnaoanza ufundi someni hapa kwanza

Wadau habari zenu, hii nawaandikia hasa nyie mnaoingia kwenye ufundi wa laptopu sasa hivi. Naona wengi mteja akishasema tu mashine nzito au haioni diski, mkono uko kwenye bisibisi tayari na simu iko sikioni mnaulizia bei ya SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, Kariakoo. Subirini kwanza. Swali la kwanza kwa mteja ni moja, humu ndani kuna nini unakihitaji? Mtu anaweza kukujibu "hamna kitu" halafu jioni anakumbuka picha za marehemu baba yake ziko humo humo, kwa hiyo muulize vizuri, mtajie na mifano, picha, kazi za chuo, mahesabu ya duka, meseji alizohifadhi.

Halafu isikilize hiyo diski. Diski ya kuzunguka, ile ya zamani (HDD), ikiwa nzima inavuma taratibu tu, ukisikia tak... tak... tak inajirudia, kichwa cha kusomea kimeshaanza kusumbua, na hapo kila dakika unayoiacha inawaka unaimaliza. Izime. Kama haigongi, weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari miwili, Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current Pending Sectors (sehemu zinazotiliwa shaka). Ikionyesha namba juu ya sifuri na inapanda kila ukirudi kuangalia, basi hiyo diski inaondoka, toa data leo leo.

Kuna binti wa chuo aliniletea laptopu yenye tasnifu yake, fundi aliyeipokea kabla yangu alikuwa ameiendeshea chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha kwenye diski ambayo tayari inagonga. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, sio kuokoa data, na kwenye diski mbovu inailazimisha kusoma na kuandika sehemu zile zile zilizokufa. Ile diski niliitoa nikaiunga kwa waya wa USB kwenye mashine ya Linux nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, uzuri wake inachota kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile ngumu inaziachia mwisho, na inaandika kumbukumbu ya ilipofika hivyo hata umeme ukikatika unaendelea pale pale. Tasnifu ilipatikana, picha nyingi hazikupatikana, na iliniuma kwa sababu zingeweza kupatikana.

Haya sasa data iko salama, tuje kwenye kuchagua. Usinunue kitu kabla hujafungua mashine ukaona kilichomo, au angalau ukasoma manuali ya modeli hiyo hiyo, maana zipo za aina nyingi. Laptopu za zamani kama Dell Latitude E6430 au ThinkPad T430 zinatumia diski ya inchi 2.5 ya SATA, yaani aina ya kiungo kinachounganisha diski na mashine. Hapo angalia unene, kuna 9.5 mm na kuna 7 mm, ThinkPad X220 nafasi yake ni ya 7 mm, ukienda na nene utarudi nayo dukani. SSD za inchi 2.5 nyingi ni 7 mm, ukiiweka mahali palipokuwa na nene ikacheza cheza, tumia ile fremu ya plastiki, usikunje karatasi.

Mteja akikuuliza kwa nini alipie SSD mwambie ukweli. Diski ya kuzunguka ya 5400 (mizunguko kwa dakika) inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika kama 550, lakini hiyo sio habari yenyewe. Habari yenyewe ni kwamba ile ya zamani kila faili inabidi kichwa kisogee mpaka lilipo na sahani izunguke ilifikie, na Windows ikiwaka inaita maelfu ya vifaili vidogo vidogo, SSD haina kitu cha kusogea. Ndo maana hata laptopu ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili, inayoishia kama MB 280 kwa sekunde hivi, ukiiwekea SSD mwenyewe anaona tofauti siku hiyo hiyo. Na pia mtu wa kupanda daladala kila siku na mashine mgongoni haimfai diski ya kuzunguka hata kidogo.

Sasa M.2, hapa ndo pesa za vijana zinapotelea. Ile SSD nyembamba kama pakiti ya bigijii iko ya aina mbili, SATA na NVMe, yaani njia mbili tofauti za kuongea na mashine, na kwa macho zinafanana. Angalia meno, ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili, NVMe mara nyingi pengo moja, ila usiishie hapo kwa sababu kuna sloti zinakubali kadi kuingia vizuri kabisa halafu bayosi (BIOS, programu ya kuwashia mashine) haiioni, sloti ni ya NVMe tu na wewe umeweka SATA. Manuali ndo inamaliza ubishi. Angalia na urefu, 2280 maana yake upana mm 22 urefu mm 80, 2242 ni ile fupi.

Kuna mashine hazibadilishiki, HP Stream ile ya GB 32 diski yake imeunganishwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) moja kwa moja, na MacBook mpya vilevile, mwambie mteja mapema usimle hela. MacBook Pro ya 2012 ile isiyo retina inabadilishika, ila ukiweka SSD mpya bado inakwama kwama usikimbilie kulaumu SSD, waya wake wa diski unajulikana kwa kufa, badilisha huo.

Na SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 128 haipo jamani. Ukiwa na shaka ijaze kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla hujampa mtu, feki inakubali kuandika lakini ukisoma data haipo. Ila GB 512 kusomeka 476 kwenye Windows ni kawaida, usigombane na muuzaji.

Kufunga kwenyewe kwepesi. Zima kabisa, chomoa chaji, chomoa betri, ikiwa ya ndani toa waya wake kwanza. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa umbo la mashine, ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inatoboa kava la juu. HP nyingi zinaficha skrubu chini ya miguu ya mpira. M.2 inaingia kwa kulala kidogo, ibonyeze chini, funga skrubu, usitumie nguvu.

Ukihamisha mfumo mzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, zima BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data) kwanza, na ukiwasha mara ya kwanza diski ya zamani isiwe imechomekwa. Ukiweka Windows upya kwenye Intel kizazi cha 11 kwenda juu na haioni diski yoyote, SSD inaweza kuwa nzima kabisa, mashine inataka draiva ya Intel RST, programu inayoisaidia Windows kuiona diski, iweke kwenye fleshi uipakie pale pale kwenye hatua ya kuchagua diski. Funguo ya Windows kwa mashine zilizokuja na Windows 8 na kuendelea iko kwenye bayosi, haina haja ya kutafuta kraki.

Diski ya zamani ni mali ya mteja. Kama bado inasoma iweke kwenye keisi ya USB, andika jina lake na tarehe kwa maka pen, mpe mkononi, na usiifomati mpaka mwenyewe akae mbele yako afungue mafaili yake kwenye diski mpya moja moja.