Maswali na Majibu: Jimbo linakataa faili la wahitimu. Je, API itamaliza tatizo?

Swali: Mimi ni kijana wa Shangani, Mtwara. Nafanya kazi kwa mtandao na kampuni ya Marekani inayofundisha wahudumu wa baa kuuza pombe kwa kufuata sheria. Kila Jumatatu napokea orodha ya waliomaliza kozi, naipanga kwenye Excel, nabadili tarehe za kuzaliwa zianze na mwaka kama jimbo linavyotaka, kisha napakia faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye mfumo wa jimbo. Zaidi ya nusu ya mistari inakataliwa, na maelezo ni "rekodi si sahihi" basi. Bosi anataka niandike pendekezo jimbo liweke API, yaani njia ya mfumo wetu na wao kupeana data moja kwa moja bila mtu kupakia faili. Itasaidia?

Jibu: Haitamaliza tatizo, mdogo wangu. API itafikisha makosa yaleyale, ila kwa kasi zaidi.

Katika swali lako nimeshika vitu viwili: "zaidi ya nusu" na "Excel". Kompyuta nyingi za huku zimepangwa kusoma siku kwanza, halafu mwezi. Wamarekani wanaanza na mwezi. Mhudumu aliyezaliwa tarehe 25 Aprili anakufikia akiwa 04/25/1999. Excel yako inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, inaiacha tarehe hiyo kama maandishi. Unapobadili safu nzima ianze na mwaka, mstari huo haubadiliki, na jimbo linautema. Sasa piga hesabu: kati ya siku 365 za mwaka, ni 144 tu, yaani 12 mara 12, zinazosomeka kwa mitindo yote miwili. Zilizobaki 221 zinakwama, ambazo ni kama asilimia 60. Pitia mistari iliyokataliwa. Ukikuta siku za kuzaliwa zote zimevuka 12, mchawi umempata.

Lakini iliyokataliwa isikunyime usingizi. Mimi naogopa iliyokubaliwa. Aliyezaliwa 4 Machi ameingia kama 3 Aprili, mfumo umempokea bila neno, na siku mkaguzi anapofika baa na kutafuta cheti chake kwa tarehe ya kuzaliwa, hakipo. Wanaopona ni wale ambao siku na mwezi wao ni namba moja, kama 5 Mei, na tarehe za namna hiyo ni 12 tu kwa mwaka. Kwa hiyo usitume mistari iliyokataliwa peke yake. Rudi kwenye orodha asilia za wiki zote ulizowahi kutuma, na mwambie bosi mapema kabla mteja hajamwambia.

Kuanzia sasa faili lisipite Excel kabisa. Programu fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inatosha: isome kila safu kama maandishi, itunze tarehe kwa mtindo wa 1999-04-25, na kama jimbo linataka mtindo mwingine, igeuze mwishoni kabisa wakati wa kutuma. Utaokoa na sifuri za mbele. Unajua namba ya simu ya 07 inavyobaki 7 ukiiweka Excel. Namba ya posta ya Boston, 02108, nayo inageuka 2108.

Angalia na saa. Aliyemaliza kozi Los Angeles saa tano usiku mwezi Julai, Mtwara ni saa tatu asubuhi ya kesho yake. Seva ikiandika tarehe ya huku, cheti kinaonyesha siku ambayo kule haijafika. Andika tarehe ya mahali alipo mhudumu.

Sasa hilo pendekezo. Marekani haina sheria moja ya taifa kuhusu mafunzo haya, kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo waonyesheni jirani. California, tangu Julai 2022, mhudumu anajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa idara ya vileo, analipa dola 3, anapewa namba yake kabla ya kusoma. Kampuni ya mafunzo inaripoti kwa namba hiyo. Kisha anafanya mtihani kwenye mfumo wa serikali wenyewe ndani ya siku 30, anaruhusiwa kujaribu mara 3, ufaulu ni asilimia 70, na cheti kinadumu miaka 3. Hesabu kama kontrol namba ya malipo ya serikali hapa kwetu: namba inatangulia, na ukishalipa hakuna wa kuuliza ni Juma yupi. Kwenye jimbo lenu mnatuma jina na tarehe ya kuzaliwa, mfumo unabaki kubahatisha.

Ningeomba hilo la namba kwanza. La pili, kila mstari ujibiwe peke yake na sababu iandikwe: tarehe haisomeki, jina halilingani, ameshasajiliwa. Hili ni rahisi kwao hata bila kugusa mfumo mwingine, na lingekuwepo ungeshajua siku nyingi kinachokusumbua. La tatu, kila rekodi iwe na namba yake ya kudumu unayoiweka wewe. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, aliyekuwa katikati ya kupakia hakujua kilichofika. Namba ikibaki ileile, unatuma tena na mfumo unajibu "hii ninayo" badala ya kutengeneza cheti cha pili. API ije baada ya hapo, na muombe sehemu ya majaribio yenye watu wa kubuni kabla ya kuelekeza data halisi.

Hujaliuliza, ila nalisema: hayo majina yasilale kwenye kompyuta yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayechakata taarifa akiwa hapa nchini, hata kama mwenye taarifa yuko ng'ambo. Zifanyie kazi kwenye seva ya kampuni, na ufute nakala zilizojaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Za Jumatatu zote zitakuwa bado zipo humo.