Barua kwa mwanangu: Ebbesen ni mwana wa nani?

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu Lars. Ama baada ya salamu, sisi huku Randers wazima. Baba yako analalamikia magoti, mimi nalalamikia upepo, kwa hiyo hakuna jipya.

Ujumbe wako nimeupata, na umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Jina la Ebbesen limetoka wapi? Mbona akina Jensen wamejaa kila ghorofa la jengo lenu, na Ebbesen uko peke yako? Na je, ni kweli maneno ya mwenzio wa kazini kwamba sisi ni uzao wa Niels Ebbesen, yule mwenye sanamu hapa mjini? Kilicho nyuma ya maswali nakijua: mtoto yu njiani na hamjakubaliana abebe jina la nani. Nilimsomea baba yako, akasema jina ni lake lakini habari zake zote anazo mama. Ni kweli. Mwislamu wa Tanga ndiye aliyekesha na vitabu vya kanisa vya ukweni, wenyewe wamelala.

Nianze na la sanamu, kwa kuwa naona ndilo lililokuchangamsha. Mwaka 1340 Denmark haikuwa na mfalme. Nchi ilikuwa imewekwa rehani kwa mabwana wa Kijerumani wa Holstein, na Jylland hii yetu ilikuwa mikononi mwa mmoja wao, Gerhard. Usiku wa tarehe mosi Aprili Niels Ebbesen, mtu wa tabaka la chini katika makabaila, aliingia Randers na wenzake, wakamfuata Gerhard alipolala, wakamuua. Mwezi Novemba mwaka huohuo Niels naye akafa vitani huko Skanderborg. Denmark ikapata mfalme mpya, Valdemar, na Niels akabaki shujaa hadi leo.

Sasa litazame jina lenyewe. Ebbesen ni mwana wa Ebbe. Baba yake Niels aliitwa Ebbe, basi, imeishia hapo. Kama Niels alipata watoto, wa kiume waliitwa Nielsen na wa kike Nielsdatter, na wajukuu wakafuata majina ya baba zao. Jina la Ebbesen alikufa nalo mwenyewe. Uzao wake, kama upo, unaweza kuwa kwa Nielsen yeyote anayeuza samaki bandarini, na sisi tukawa hatuhusiani naye hata kidogo. Mwambie mwenzio hivyo, ila kwa upole, watu wa huku wanampenda sana Niels.

Wewe hili lisikutatize, maana ndivyo tulivyo kwetu. Mimi ni Mwanaidi binti Salim bin Athumani. Hakuna mtu Tanga atakayedhani Athumani ni ukoo. Ni babu yangu, Mungu amrehemu, na dada zake baba yangu wameolewa huko na huko wala hakuna aliyebeba jina la mumewe. Nilipofika Denmark karani mmoja akataka "jina la ukoo". Nikamweleza, akanitazama, akachukua lile la mwisho kwenye pasipoti akaliandika. Nikawa Bi Athumani, jina la mwanamume ambaye hajawahi hata kuona theluji. Nilikasirika siku ile. Baadaye, niliposoma historia ya hawa wenyeji wangu, niliona kwamba babu zao walifanyiwa vilevile na mfalme wao wenyewe.

Ilikuja kwa mafungu. Makabaila waliagizwa mwaka 1526 wawe na majina ya kudumu, na ndipo koo kubwa zikashika majina kama Rosenkrantz na Gyldenstierne. Watu wa mijini, wafanyabiashara na mafundi, wakaiga taratibu. Wakulima, ambao ndio walikuwa wengi, waliendelea na mtindo wa kale: Peder mwana wa Jens ni Peder Jensen, binti yake Peder ni Ane Pedersdatter, na kila kizazi jina linageuka. Mwaka 1771 Schleswig, kule mpakani na Ujerumani, iliamriwa kuacha. Kisha mwaka 1828 ikaja amri ya ubatizo kwa ufalme wote: mtoto apewe siku ya kubatizwa jina lake pamoja na jina la ukoo atakaloishi nalo.

Amri ilikuwa fupi na vijiji ni vingi. Kila mchungaji aliielewa kwa namna yake. Huyu alimpa mtoto jina la mwisho la baba, yule akampa jina la kwanza la baba na kuongeza -sen kama zamani, halafu akaona kazi imekwisha. Ilibidi serikali irudie mwaka 1856 kwamba jina likishapatikana ni lilelile, halibadiliki tena. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja waliozaliwa miaka hiyo unaweza kuwakuta wameandikwa majina tofauti.

Ebbe wetu yumo humohumo. Ukurasa wake nimekupigia picha. Rigsarkivet, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa, wameweka vitabu hivi kwenye intaneti, na havilipiwi. Ni ukurasa wenye safu zilizochapwa: namba, siku ya kuzaliwa, jina, siku ya ubatizo, wazazi, wadhamini. Katika safu ya wazazi kuna mtu mmoja mwenye kibanda na kishamba, jina lake la kwanza Ebbe. Yeye mwenyewe si Ebbesen! Baba yake aliitwa Jens, kwa hiyo yeye ni Jensen. Ila mchungaji wake alikuwa wa kundi la pili, la jina la baba na -sen, akamwandika mtoto Ebbesen, na mtoto yule akabaki nalo, akawaachia wanawe, hadi likafika kwa baba yako. Kaka yake Ebbe aliitwa Peder. Watoto wa Peder wakaandikwa Pedersen. Kwa hiyo wale akina Pedersen wa kijiji kile, ambao baba yako huwaamkia kama majirani tu, ni damu yake hasa kuliko Ebbesen yeyote utakayemkuta Copenhagen.

Utauliza nina hakika gani na kitabu cha kijijini. Kuanzia mwaka 1814 vitabu viliandikwa viwili, kimoja kwa mchungaji na kingine kwa karani wa parokia, na ilikatazwa vyote viwili kulala usiku mmoja chini ya paa moja. Kimoja kikiungua, kingine kipo. Nilivilinganisha, vinakubaliana. Na kwenye kipaimara cha yule mtoto kuna safu nyingine ya kuonyesha kama alichanjwa ndui, tarehe na jina la aliyemchanja, kwa sababu bila chanjo mchungaji hakumpa mtu kipaimara. Mimi nilicheka peke yangu saa saba usiku. Serikali ya kuhesabu kila kitu haikuanza jana.

Sasa la uchache. Lianzie kwenye uchache wa majina ya kwanza. Baada ya Ukristo kuingia, watu wa huku walijaza nyumba zao majina ya watakatifu waliyoyakata yakawa ya Kidenmark: Johannes akawa Jens na pia Hans, Nicolaus akawa Niels, Andreas akawa Anders, Laurentius akawa Lars, huyo wako. Kisha kulikuwa na desturi, nayo hata Tanga ipo, ya kumwita mtoto jina la babu. Mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo Jens alimzaa Niels, Niels akamzaa Jens, Jens akamzaa Niels, karne baada ya karne, majina machache yanazunguka kijijini. Mfalme alipoligandisha jina mwaka 1828, liliganda na hesabu ya siku ile. Akina baba wenye jina la Jens walikuwa wengi kupindukia, na hadi leo Nielsen, Jensen na Hansen kila moja linabebwa na watu takribani 200,000 katika nchi ya watu takribani milioni 6. Mtu mmoja katika kila kumi!

Ebbe ni jina la kale, la kabla ya watakatifu, lililobaki katika familia chache. Lilihitaji baba aitwaye Ebbe awe hai na mwenye watoto wa kubatizwa katika miaka hiyo michache ya kugandisha. Angezaa mapema zaidi, jina lingepita kama lilivyompita Niels. Angezaliwa na kuzaa baadaye, angekuwa ameshaganda na Jensen, na Ebbe ingebaki jina lake la kwanza tu. Uchache wa jina letu hauna zaidi ya hapo, si ukoo wa kifalme wala si damu adimu. Ni mkulima mmoja aliyepatikana na jina lisilo la kawaida wakati mlango unafungwa. Na wala si mmoja peke yake: kulikuwa na akina Ebbe wengine sehemu nyingine, kila mmoja akaanzisha Ebbesen wake, kwa hiyo hata hao wachache mlio nao jina moja si lazima muwe ndugu.

Kuna na jambo la mwaka 1904. Serikali ilichoshwa na -sen, posta na polisi wakiwa na akina Jens Jensen wasiohesabika, ikapitisha sheria ya kurahisisha kubadili jina. Wengi wakachukua majina ya mashamba na vijiji vyao. Hapo akina Jensen walipungua kidogo wasionekane, lakini jina lenye watu wachache likipoteza nyumba tatu linaonekana. Siku hizi mambo yamegeuka: jina la ukoo lenye watu 2,000 au pungufu linalindwa na sheria, mtu wa kando halichukui bila ridhaa ya wenyewe. Babu zao walilipa kuyatupa, wajukuu wanayawekea ulinzi.

Majirani nao walipita njia hiyohiyo kwa kuchelewa, Uswidi mwaka 1901, Norwei mwaka 1923. Aislandi waligoma. Kule bado mtoto ni wa baba yake, au wa mama akipenda, na kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wao kuanzia 1980 hadi 1996, ni binti wa Finnbogi na si zaidi. Ninawaonea wivu kidogo. Denmark binti zao waliliwa: baada ya amri ile -datter ikafifia, wasichana wakaandikwa -sen kama kaka zao. Wewe, binti yangu niliyekuzaa kwa uchungu wa siku nzima, kwenye karatasi ni mwana wa kiume wa Ebbe.

Sasa mtoto. Sheria inawapa miezi sita tangu kuzaliwa. Mkizozana ikapita, mtoto anapewa jina la mama, kwa hiyo Lars ndiye anayepaswa kuharakisha, si wewe. Mnaweza kumpa Jensen ya Lars. Mnaweza kumpa Ebbesen. Au, na hili wengi hawalijui, tangu sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2006 mnaweza kurudia mtindo wa kale, jina la kwanza la mzazi na -søn au -datter. Akiwa msichana atakuwa Larsdatter. Au Zuhurasdatter. Hilo nadhani litakuwa adimu kuliko Ebbesen, na kwa njia ileile iliyolifanya Ebbesen kuwa adimu: mzazi mmoja mwenye jina lisilo la kawaida mbele ya meza ya karani.

Ukiniuliza mimi, nampenda Zuhurasdatter. Kwetu tungesema binti Zuhura bila kuulizwa na mtu. Baba yako anataka Ebbesen, na amenituma nikuambie kwamba yeye hana upande. Lars na mama yake sijawauliza na sitawauliza, ukwe una adabu yake.

Picha ya ukurasa iko pamoja na barua hii, tazama mstari wa tatu. Usikate tamaa na mwandiko. Herufi yao ya e ina vistari viwili kama n, kwa hiyo Ebbe utamwona kama Ebbn; u inawekewa kikono juu ili isichanganywe na n; na h inashuka chini ya mstari kama mkia. Neno usiloliweza kwenye safu ya wadhamini lisikusumbue, ni jina la shamba. Ukikwama nipigie, ila si wakati wa taarifa ya habari, baba yako hasikii simu wala hasikii mke.

Wasalaam,
Mamako