Ukitaka Kuskani Vitabu Nyumbani, Anza na Kioo na Taa

Kila anayeona vitabu vyangu kwenye kompyuta huuliza kwanza nilitumia kamera gani. Kamera ndiyo jambo dogo kuliko yote. Ukurasa wa kitabu cha ukubwa wa A5, kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 1748 kwa 2480, yaani nukta za picha milioni nne na ushei, au megapikseli nne na ushei. Simu yenye kamera ya megapikseli 8 inatosha na kubaki, hata ile iliyopasuka ukaisahau kwenye droo. Pesa ulizo nazo mpelekee fundi wa vioo na muuza balbu.

Skana ya ofisini, ile ya kufunika, sikushauri. Inataka kitabu kilale kifudifudi kisha kigandamizwe. Jaribu hivyo na vitabu vya miaka ya 1960 na 1970 tunavyookota kwa wauzaji wa inama mjini, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara: gundi ya uti imeshakauka, na ukikibana kitabu kila ukurasa, kabla hujafika katikati majani yanachomoka kama karata. Mmarekani Daniel Reetz alipoeleza hadharani mwaka wa 2009 jinsi ya kujiundia skana ya vitabu kwa vifaa vya bei ya chini, kitabu alikilaza chali kwenye kitanda chenye umbo la V. Kinafunguka nusu tu, nyuzi 90 hadi 100, na uti hauumii. Yeye alitumia kamera mbili, moja kwa kila upande. Kwa matumizi ya nyumbani simu moja inatosha, mradi uwe na subira.

Kitanda chenyewe ni vipande viwili vya mbao. Pale soko la Gikomba, Nairobi, wauza mbao huwa na mabaki mengi, na fundi atakuungia huku ukisubiri. Mwambie jambo moja tu: chini, mbao zinapokutana, aache mwanya wa uti, na ubao mmoja uweze kusogea. Kitabu huwa kizito upande mmoja unapoanza na upande wa pili unapomaliza, na ubao usiposogea, kioo cha kulaza ukurasa uwe bapa kitaanza kukaa upande upande.

Kioo chukua cha dirisha, milimita 4, kilichozidi ukurasa kidogo kila upande. Fundi akisugue kingo zote, maana utakishika mara mia kadhaa kwa jioni moja. Plastiki ngumu ni nyepesi, lakini huingia mikwaruzo upesi na huvuta vumbi. Mimi ni mtu wa kioo.

Sasa taa, na hapa usiwe na haraka. Weka jicho lako pale lenzi itakapokaa, uangalie kwenye kioo. Ukiiona balbu, kamera nayo itaiona, na katikati ya ukurasa patakuwa na doa jeupe lililokula mistari mitatu. Sogeza taa pembeni hadi ipotee machoni. Ikishapotea utaanza kuona kitu kingine: simu yenyewe, dari, na kidevu chako. Dawa yake ni kitambaa cheusi nyuma ya simu, kilichotobolewa tundu la lenzi. Changu kimekatwa kwenye sketi kuukuu. Flashi izime kabisa.

Piga usiku, pazia zikiwa zimefungwa. Mchana wa Nairobi, hasa mwezi wa Julai, wingu huja na kuondoka, na utapata ukurasa wa njano ukifuatwa na wa buluu. Balbu mbili za LED za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zitakupa rangi moja kitabu kizima. Fokasi na mwangaza vifungie kwenye programu ya kamera ili simu isijiamulie yenyewe kila ukigeuza jani. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi piga tena kurasa mbili za mwisho, ulinganishe kabla ya kuendelea.

Simu lazima ikae sambamba na kioo. Kwa kuwa ubao umeinama, nayo iiname vilevile. Kabla ya kuanza, weka chini ya kioo ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, uangalie kwenye skrini. Miraba ya juu ikiwa midogo kuliko ya chini, rekebisha stendi. Ni kazi ya dakika chache, na inakuepusha na usiku mzima wa kunyoosha kurasa kwenye kompyuta. Picha usipige kwa kugusa skrini, maana simu hutikisika. Kwenye simu nyingi, kitufe cha sauti kwenye waya wa vipokea sauti vya masikioni hupiga picha vizuri kabisa.

Kwa simu moja, piga kurasa zote za kulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha geuza kitabu upige za kushoto. Kila kundi liwe na folda yake. Kabla hujakirudisha kitabu rafuni, au kwa mwenyewe, hesabu picha. Makundi mawili yakitofautiana, kuna jani uliloliruka, na ni rahisi kulitafuta kitabu kikiwa bado mezani.

Kusafisha picha natumia Scan Tailor, programu ya bure: hunyoosha ukurasa, hukata kingo na kusawazisha pambizo. Kuyageuza maandishi yaliyo kwenye picha yaweze kutafutwa ni kazi ya Tesseract, programu iliyoanzia kampuni ya HP katika miaka ya 1980 na ambayo tangu 2005 iko wazi kwa yeyote. Ina data ya Kiswahili; iweke, usiiache isome kwa Kiingereza. Hata hivyo itakosea. Herufi m huweza kusomwa kama r na n, na mama akawa rnama. Bahati yetu ni kwamba Kiswahili hakina rn, ukiondoa karne na maneno machache ya kukopa, kwa hiyo tafuta rn kwenye faili nzima na makosa mengi yatajitokeza yenyewe. Baada ya hapo tafuta ng'. Kile kialama cha juu hupotea au hugeuka kuwa nukta, na ng'ombe na ng'ambo wote huathirika.

Kuhusu sheria, nitasema kifupi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda maandishi hadi miaka 50 itimie baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Inaruhusu matumizi ya haki ya mtu binafsi, lakini kutuma kitabu cha mwandishi aliye hai kwenye kundi la WhatsApp la watu 200 si matumizi binafsi, hata kama kitabu chenyewe hakipatikani tena madukani. Mimi nikiombwa hukataa, na kuna marafiki wanaoninunia kwa hilo.

Picha ghafi usizifute baada ya kupata PDF. Programu za kusoma maandishi zinazidi kuwa bora, na siku ukitaka kurudia utahitaji zile za mwanzo. Mimi huziweka kwenye diski mbili, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu.