Saa ya Kufunga Banda la Kuku: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Ujiji

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, nasi hapa Muheza sote tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza banda la kuku lifungwe saa ngapi hasa, kwa sababu tangu uhamie Ujiji unalifunga saa 12:30 jioni kama tulivyozoea hapa nyumbani, na kila siku kuku wanakutoa jasho uani: unaingiza wawili, wanatoka watatu. Umeuliza pia kama umeuziwa kuku wakaidi, na kama isingekuwa heri uache mlango wazi waingie wenyewe, nawe ukaufunge unapokwenda kulala.

Kuku wako hawana ukaidi wowote. Saa ndiyo isiyowafaa. Muheza na Ujiji zote ziko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, lakini Ujiji iko mbali sana upande wa magharibi, na nchi nzima inafuata majira mamoja, kwa hiyo jua likishazama kwetu hupita zaidi ya dakika 35 ndipo lizame kwenu. Hapa Muheza jua huzama kuanzia kama saa 12:15 jioni, na mwezi wa Februari, linapochelewa kuliko miezi yote, huzama karibu na saa 12:45. Huko kwenu, hata katika miezi ambayo jua huwahi, saa 12:30 bado linaonekana juu ya ziwa, na Februari huzama saa 1:20 imekwisha kupita. Unawaita kuku kulala wakati wao wanaona mchana ungalipo, na katika jambo hilo wao ndio wenye haki.

Tena unawanyima mlo mkubwa wa siku. Kuku hula kwa bidii asubuhi, kisha hula kwa bidii tena saa ile ya mwisho kabla ya giza, kwa sababu anajaza gole litakalomfikisha asubuhi. Jioni moja mshike koo anayetaga, umpapase chini ya shingo, upande wa kulia kidogo: ukimkuta ameshiba utagusa gole lililovimba, na punje za mahindi zitacheza chini ya vidole vyako, ukimpapasa yule uliyemfungia mapema utakuta ngozi iliyolegea. Ganda la yai huchukua saa zipatazo 20 kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kwa hiyo koo anahitaji kuingia bandani akiwa na chakula na chokaa ya kutosha mwilini. Mimi huwamwagia chakula kidogo na magamba ya konokono yaliyosagwa mlangoni mwa banda kama nusu saa kabla ya jua kuzama, ndani na si nje, na hiyo peke yake itakuondolea zile mbio za uani. Usisahau joto pia. Bati linalopigwa na jua la alasiri huhifadhi joto hadi magharibi, na kuku hana jasho la kumpoza. Hutanua mabawa na kutweta mdomo wazi, nawe umemfungia humo saa nzima bila sababu.

Ama kuhusu kuacha mlango wazi mpaka unapokwenda kulala, hilo nakukatalia kabisa. Sisi tulio karibu na ikweta jua likizama mwanga hauchelewi kuondoka. Baada ya dakika 20 hivi huoni vizuri kitu kilicho chini ya mti, na haufiki wakati wa isha kabla giza halijatanda. Kuku naye gizani ni kama kipofu. Haoni anayemjia, na akishapanda fito hashuki kujiokoa. Kanu, fungo na paka shume hawasubiri usiku wa manane, bali huanza kutembea giza linapoingia, na hao ndio wanaonitia hofu kwa ajili yako. Kanu ni mwembamba kuliko anavyoonekana, hupita kwenye pengo ambalo ngumi ya mtu inapita, na akiingia kwenye banda lililojaa kuku wasioona anaweza kuua kadhaa ingawa atamchukua mmoja tu. Wezi walio binadamu nao hupenda saa hiyo, wakati watu wako ndani wanakula.

Basi wakati wenyewe ni huu: adhana ya magharibi ikiadhiniwa, swali kwanza, kisha toka ukafunge. Adhana ya Ujiji hufuata jua la Ujiji, hivyo haitakudanganya Februari wala Juni, na ukimaliza kuswali utakuta kuku wote wamekwisha kuingia huku mwanga ungalipo wa kukuwezesha kuwaona. Siku za mawingu mazito ya masika wataingia hata kabla ya adhana. Ukiona ua umekuwa kimya na wamepanda wote, wafunge, usingoje. Mwezi wa Ramadhani ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa maana mtu hukaa kwenye futari, akatoka moja kwa moja kwenda kuswali tarawehe, na banda likabaki wazi. Fungua kwa tende na maji, uswali, ufunge banda, ndipo urudi kwenye futari yako.

Kufunga si kubana mlango tu. Simama kidogo kwanza uwaangalie wanavyogombea fito, kwa kuwa wakubwa hutaka ya juu kabisa na mapora huparuana mpaka kila mmoja apate mahali pake, wakitulia, wahesabu. Akikosekana mmoja, mwanga ungalipo wa kumtafuta, na mara nyingi utamkuta juu ya mchikichi au mwembe, hasa kama ni mgeni. Usimrushie mawe. Ngoja giza liingie, umshushe kwa mikono miwili, umweke kwenye fito pamoja na wenzake. Hao uliowanunua karibuni wafungie ndani mchana na usiku kwa muda wa wiki moja, wakiwa na maji na chakula, mpaka wajue kwamba hapo ndipo kwao. Koo mwenye vifaranga hatapanda fito, kwa hiyo mpe kona yake chini yenye pumba kavu. Ukiwa hapo sikiliza pia, kwa sababu wakinyamaza ndipo unaposikia anayekoroma kwa mafua ambaye mchana kelele za wenzake humficha. Na siku ya chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho unayopaswa kuirudia kila baada ya miezi 3, ifanye saa hiyohiyo ukiwa na tochi yenye mwanga hafifu, maana kuku aliyekwisha kulala hushikwa bila purukushani.

Kuna jambo moja ambalo kufunga vizuri huliongezea hatari, nalo ni siafu. Kuku aliye nje huwakimbia, lakini aliyefungiwa hana pa kwenda. Banda lako liinuliwe juu ya nguzo, kila mguu ukae ndani ya kopo lenye oili chafu, na ukague kama jani au kijiti hakijaegemea ukutani kikawa daraja. Madirisha uyaache wazi yakiwa na wavu mgumu wenye matundu madogo, kwa sababu hewa ya kinyesi ikijifungia ndani huwaumiza macho na mapafu. Komeo liwe la kusukuma na kupinda, si kamba.

Asubuhi fungua kukiwa kumepambazuka vizuri, wala usiamke gizani kwa ajili yao, kwa kuwa wanyama hao wa usiku huwa bado njiani alfajiri.

Umesema kuna wiki unazofanya kazi ya zamu na kurudi nyumbani usiku. Mtoto wa jirani uliyemtaja atafaa, lakini usimwambie saa. Mwambie aende adhana ya magharibi ikimalizika, ahesabu kuku, akupigie simu akutajie idadi, na kama haijatimia aseme nani hayupo. Mlipe kwa mayai kila Ijumaa, mkononi mwake mwenyewe, na mamake ajue.

Nijibu baada ya siku chache unieleze wanaingiaje, na yule jogoo mwekundu analala fito ya ngapi.

Wako,
Mama