Kustaafu kwenye joto: pwani au bara?

SWALI: Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani. Tumebakiwa na maeneo mawili: moja pwani, joto halizidi nyuzijoto 32 lakini unyevu ni mwingi, jingine bara, kukavu, mchana hufika 38. Mume wangu ana shinikizo la damu na anameza dawa za kukojosha. Mimi ni wa insulini. Twende wapi?

JIBU: Namba hizo mbili zinadanganya. Nyuzijoto 32 kwenye unyevu wa asilimia 70 mwili huzihisi kama 41 hivi, kwa sababu jasho halikauki. Nyuzijoto 38 kwenye unyevu wa asilimia 20 huhisiwa kama 37 tu. Tena bara penye hewa kavu usiku hupoa, ilhali pwani joto hulala nanyi kitandani. Sisi tungeegemea bara, ila kwa mume wako kuna jambo la kuangalia.

Kwenye ukavu jasho hukauka kabla halijaonekana, na kiu hupungua kadiri umri unavyosogea. Ukiongeza dawa ya kukojosha, mtu anaishiwa maji bila kujua, akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha. Ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa: kilo moja iliyopungua kwa siku moja ni karibu lita moja ya maji. Dozi asiipunguze mwenyewe; amwone daktari kabla hamjahama.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia, ikiganda, tupa. Iliyofunguliwa, aina nyingi hudumu wiki nne hivi chini ya nyuzijoto 30, lakini fuateni karatasi ya dawa. Umeme ukikatika, weka insulini kwenye chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, katikati ya vyungu hivyo jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi. Bara kifaa hiki hupoza vizuri. Pwani ni kama hakuna, maana maji hayapati pa kukaukia. Vipoza hewa vya maji navyo ni hivyo hivyo: pwani mtalazimika kutumia kiyoyozi, na bili yake mnaijua.

Kuhusu nyumba, pwani chumvi hula mabati na nondo, na unyevu wa ndani ukishinda juu ya asilimia 60 kuvu huota kabatini. Bara, ulizeni maji hutoka siku ngapi kwa wiki wakati wa kiangazi.

Pangeni nyumba kwanza kabla ya kuhamia moja kwa moja, tena katika mwezi mbaya kuliko yote. Wekeni kipimajoto chenye kipimo cha unyevu chumbani na msome saa kumi alfajiri. Kisha pimeni mwendo wa gari hadi hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha ya ndani ya kichwa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa kiharusi kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kama bara hospitali hiyo iko mbali, nendeni pwani mkanunue kiyoyozi.